Sura ya Kitu na Kiini Chake

Plato, mwenye hekima wa Uyunani, alifundisha ya kuwa macho huona sura tu; kiini cha kitu hutambuliwa kwa akili. Aristotle, mwanafunzi wake, alishika kwamba kiini kimo katika kitu chenyewe. Basi sharti kichunguzwe.

Nasi wa Karatu tunao mfano karibu, huko Laetoli, upande wa Ngorongoro. Mwaka 1976 zilionekana nyayo tano katika majivu ya mlima wa moto yaliyogeuka mawe, zenye umri wa miaka zaidi ya milioni 3 na nusu. Kwa kuwa umbo lake lilikuwa la ajabu, mtaalamu mmoja alidhani huenda ni za dubu, mnyama asiyekaa nchini mwetu, aliyetembea kwa miguu miwili. Mwaka 2019 zilifukuliwa upya na kusafishwa, zikalinganishwa na nyayo za dubu, za sokwe na za watu. Kisigino kilikuwa kipana, na kidole gumba kikubwa. Mwaka 2021 wataalamu wakatangaza ya kwamba ni za kiumbe wa jamaa ya binadamu.

Twaona, basi, ya kuwa kiini kilijulikana kwa njia ya sura ile ile, ilipoondolewa udongo. Msomaji, usiidharau sura, wala usiridhike na mtazamo wa kwanza.