Mzuka na Nuru: Historia ya Kivumishi Kimoja cha Kiingereza

Kivumishi cha Kiingereza «spectral» kina maana mbili ambazo Kiswahili hakizichanganyi: «-a mzuka» na «-a nuru iliyotawanyika katika rangi zake». Asili yake ni nomino ya Kilatini «spectrum», yaani kitu kionekanacho, itokanayo na kitenzi cha kutazama.

Maana ya mzuka ndiyo iliyogharimu maisha ya watu. Mwaka 1692, huko Salem, katika koloni la Massachusetts, mahakama ilipokea ushahidi ulioitwa kwa neno hilo: shahidi alidai kwamba umbo la mshtakiwa, si mwili wake, lilimjia na kumtesa. Mshtakiwa angejiteteaje? Hata akithibitisha kwamba usiku ule alilala nyumbani kwake, umbo lilisemekana kutembea peke yake. Watu 19 walinyongwa. Mwezi wa Oktoba mchungaji Increase Mather alitoa hoja kwamba Shetani aweza kujivika sura ya mtu asiye na hatia. Mwezi huohuo gavana William Phips aliivunja mahakama.

Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1672, ilikuwa imechapishwa barua ya Isaac Newton juu ya nuru ya jua ipitayo katika kioo chenye pembe tatu. Ukanda wa rangi uliotokea ukutani aliuita «spectrum». Kivumishi kilifuata nomino hiyo katika karne ya 19. Kwa mistari ya nuru, Kirchhoff na Bunsen waligundua sizi mwaka 1860 na rubidi mwaka 1861. Safari hii ushahidi wa kitu kionekanacho uliweza kurudiwa na mtu yeyote mwenye kifaa.

Kifaransa nacho kina maana hizo mbili katika neno lilelile, na Kiarabu vilevile katika «tayf». Mwanafunzi wa Lubumbashi asomaye fizikia kwa Kifaransa hukutana na mtego huohuo. Katika fizikia yafaa kusema «mistari ya spektra», kwani «mistari ya mizuka» ingechekesha darasa zima. Kesi za Salem ni ngumu zaidi. «Ushahidi wa mzuka» humfanya msomaji afikirie marehemu, hali washtakiwa walikuwa hai, wamesimama mbele ya hakimu. «Ushahidi wa umbo» ni tafsiri iliyo karibu zaidi na yaliyodaiwa pale.