Shimo Chini ya Mkeka: Jinsi ya Kumbuni Mhusika Kipofu katika Mchezo wa Kuigiza wa Mezani

Katika mchezo wa kuigiza unaochezwa mezani, wa aina ya Dungeons & Dragons uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, hakuna mchezaji anayeliona pango. Msimamizi husimulia, wachezaji husikiliza, kila mmoja hutaja tendo la mhusika wake, kisha dadu huamua. Ramani na vinyago vinaweza kuwekwa mezani, lakini mchezo huendelea hata visipokuwapo. Karibu yote anayoyajua mchezaji juu ya ulimwengu ule yamepitia sikioni mwake. Inashangaza basi kwamba mchezo unaotegemea masikio kiasi hiki mara nyingi humchora vibaya mhusika asiyeona. Naona kosa limo katika swali la kwanza la mbunifu. Huuliza mhusika amepungukiwa nini, ili amfidie, wakati ilimpasa kuuliza habari za mahali zinamfikia mhusika kwa njia zipi, na kila njia inamgharimu nini. Swali hilo la pili lina majibu tele, na wabunifu wa Lubumbashi, hapa Kongo, hawana haja ya kuyatafuta mbali na Katanga.

Tuanze na sheria zenyewe. Toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, linaeleza hali ya kutoona hivi: mhusika hushindwa papo hapo jaribio lolote linalohitaji macho, mapigo yake hupata hasara, na mapigo ya adui dhidi yake hupata faida. Sheria hiyo inamfaa askari aliyepigwa uchawi machoni na ambaye ataona tena baada ya muda mfupi. Ukimpa mtu aliyeishi bila kuona kwa miaka ishirini, unamlazimisha abaki daima katika dakika ya kwanza ya upofu wake, kana kwamba hajajifunza lolote. Mbunifu akiona ukali huo, humpa mhusika hisi ya pekee inayomjulisha kila kilichomzunguka hadi umbali fulani. Hapo macho yamerudishwa kwa jina jingine, na upofu umebaki pambo la usoni. Desturi hiyo ni ya kale: Tiresias wa Wagiriki alinyimwa macho akapewa utabiri, na Daredevil wa vitabu vya picha vya Marekani, mwaka 1964, alipewa hisi zinazoshinda macho. Zatoichi wa filamu za Kijapani za kuanzia 1962 ana nafuu kidogo, kwa kuwa ana kazi ya kukanda watu, ana fimbo, na ana njia za kupita. Lakini naye upanga wake haukosei.

Sasa turudi Katanga, tuitazame hadithi ya asili ya ufalme wa Waluba. Nkongolo Mwamba, mtawala mkatili, alimwogopa mpwa wake Kalala Ilunga, mwana wa mwindaji Mbidi Kiluwe. Akachimba shimo, akasimika mikuki ndani yake, akalifunika kwa mkeka, kisha akamwalika kijana aje kucheza ngoma juu yake. Mpiga ngoma alimwonya Kalala kwa mapigo ambayo yeye alijua kuyasikiliza. Kijana akaichoma ardhi kwa mkuki wake, akagundua uwazi, akatoroka. Kalala alikuwa na macho mazima, nayo hayakumfaa kitu, kwa sababu mtego ulitengenezwa ili uonekane kama uwanja wa furaha. Kilichomwokoa ni sauti yenye ujumbe, chuma kilichopima ardhi, na mtu aliyestahili kuaminiwa. Mbunifu mwenye makini atatambua kwamba njia zote tatu ziko wazi kwa mhusika kipofu bila tone la uchawi. Zaidi ya hayo, zina gharama: ngoma huzimwa na kelele, mkuki hufika pale tu mkono unapofika, na mpiga ngoma anaweza kuhongwa.

Lukasa ya Waluba hao inatupeleka mbali zaidi. Ni ubao unaoshikika mkononi, wenye shanga, kome na michongo, ambao wajuzi wa chama cha Mbudye waliutumia kusimulia nasaba za wafalme, safari na mahali patakatifu. Thomas Reefe aliueleza katika makala ya mwaka 1977, na Mary Nooter Roberts na Allen Roberts wakaupa nafasi kubwa katika kitabu chao cha mwaka 1996 juu ya kumbukumbu na sanaa ya Waluba. Msomaji huushika kwa mkono mmoja na kuufuata kwa kidole cha mkono wa pili, na masimulizi hubadilika kulingana na msomaji na tukio. Mhusika kipofu aliyefunzwa katika chama cha namna hiyo angekuwa na elimu, cheo na madaraka ya kuhukumu madai ya ufalme, mambo ambayo kundi lake lingeyahitaji tangu siku ya kwanza.

Kuna pingamizi la haki hapa. Wasomaji wa lukasa walikuwa watu wanaoona, na rangi za shanga zina maana pamoja na ukubwa na mpangilio wake. Sidai kwamba Waluba waliubuni ubao huo kwa ajili ya wasioona. Ninachodai ni chepesi zaidi: sehemu kubwa ya elimu hiyo imo katika umbo na mahali pa kila shanga, na umbo hushikika. Rangi inayopotea ndiyo inayompa mbunifu tatizo la kweli la kuchezea, kwa mfano ubao ambao mhusika anaujua wote isipokuwa ukoo mmoja uliotofautishwa kwa rangi tu. Isitoshe, maarifa ya Mbudye yalikuwa ya waliopitishwa katika ngazi za chama. Kwa hiyo ni vyema mchezo ubuni chama chake na ubao wake, na kukiri ulikojifunza, kuliko kuuza alama takatifu za watu kama bidhaa.

Upofu nao si wa aina moja, na hapa uzembe wa wabunifu ni mkubwa. Shirika la Afya Duniani humhesabu mtu kuwa kipofu ikiwa uwezo wa jicho lake lililo bora ni chini ya 3/60. Wengi walio chini ya kipimo hicho bado hutambua mwanga au vivuli. Daktari Mbelgiji Jean Hissette aliueleza upofu wa mtoni kando ya mto Sankuru, hapa Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ugonjwa huo huletwa na minyoo inayoenezwa na usubi wa mito yenye maji ya kasi, na huharibu macho polepole. Mhusika aliyepofuka hivyo anakumbuka rangi na nyuso, na huenda bado anajua dirisha liko upande gani. Aliyezaliwa bila kuona ana kumbukumbu za namna nyingine. Msimamizi anapaswa kujua anasimulia kwa nani. Kwa mhusika kipofu, aanze na mwangwi wa ukuta, mteremko chini ya miguu, upepo unaotoka upande wa kushoto, harufu ya moshi. Gizani mhusika huyo asipewe hasara yoyote. Kando ya maporomoko ya maji, katika mvua kubwa au sokoni penye vurugu apewe hasara ya kweli, kwa maana kelele ndiyo giza lake.

Watasema wengine kwamba mhusika wa namna hiyo atakuwa mzigo kwa wenzake. Lakini kila mhusika wa mchezo huu ni mzigo mahali fulani: mchawi hufa kwa pigo dogo, na askari aliyevaa chuma hunyata vibaya. Wengine watauliza, palipo na majoka, uchawi wa kurudisha macho una ubaya gani? Hauna, ikiwa mchezaji mwenyewe ameutaka na hadithi imeulipia. Ubaya unakuja pale unapokuwa jibu pekee, kwa sababu unamfundisha mchezaji kwamba maisha bila macho hayawezi hata kuwaziwa. Kwa hiyo ninyi mnaoandika michezo hii, popote mlipo, wasomeeni wachezaji wasioona sheria zenu kwa sauti kabla ya kuzichapa, walipeni kwa kazi hiyo, na wanapowaambia kwamba mhusika wenu anaona kwa siri, ifuteni sheria hiyo.