Tomás Pinpin na kitabu chake cha Kihispania (1610)

Katika historia ya Misioni tunasoma mengi juu ya mapadri wageni waliojifunza lugha za wenyeji. Walikaa na watoto kando ya moto, wakauliza jina la kila kitu, wakaandika sarufi na kamusi. Sifa hiyo ni haki yao. Lakini mara chache tunauliza habari za upande wa pili: nao wenyeji, walijifunza namna gani lugha ya wageni? Nani aliwafundisha, na kwa shabaha gani?

Leo nataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu mmoja aliyejibu maswali hayo kwa kazi ya mikono yake. Jina lake Tomás Pinpin, mzaliwa wa Abucay katika nchi ya Bataan, ng’ambo ya ghuba ya Manila, huko Ufilipino. Alikuwa mpiga chapa. Mwaka 1610 alitoa kitabu cha kuwafundisha Watagalog wenzake Kihispania, nacho ni kitabu cha kwanza kilichoandikwa na Mtagalog na kupigwa chapa.

I. Nchi yenye lugha mbili

Wahispania walianza kukaa Ufilipino mwaka 1565, wakiongozwa na Miguel López de Legazpi. Mwaka 1571 waliutwaa Manila wakaufanya mji mkuu. Watawa Waagustino walikuja pamoja nao. Wadominiko walifika mwaka 1587.

Watawa hao walichagua kufundisha dini kwa lugha za watu. Kwa hiyo kitabu cha mafundisho, Doctrina Christiana, kilichopigwa chapa Manila mwaka 1593, kiliandikwa kwa Kihispania na kwa Kitagalog, tena Kitagalog chake kwa herufi zetu za Kilatini na kwa herufi za kale za Watagalog wenyewe. Mwaka 1596 washauri wa Mfalme Felipe II walitaka wenyeji walazimishwe kujifunza Kihispania. Mfalme alikataa. Aliagiza wawekwe walimu kwa ajili ya wale wanaopenda kujifunza kwa hiari yao.

Neno la mfalme lilikuwa jema. Lakini tazameni matokeo yake. Mtagalog alisikia habari ya Mungu kwa lugha ya mama yake, na hayo ni heri kubwa. Habari ya kodi, ya kazi za lazima na ya hukumu za serikali ilikuja kwa Kihispania. Asiyejua lugha hiyo alisimama mbele ya mkubwa kama bubu, akingoja mkalimani amsemee. Kama mkalimani alikuwa mwaminifu, vema. Kama hakuwa mwaminifu, masikini huyo angejua kwa njia gani?

II. Vitabu viwili vya mtambo mmoja

Huko Bataan alikuwako Mdominiko mmoja, Padri Francisco Blancas de San José, aliyefika Ufilipino mwaka 1595. Alisifiwa kwa ujuzi wake wa Kitagalog. Mwaka 1610 sarufi yake ya Kitagalog, Arte y reglas de la lengua tagala, ilipigwa chapa Bataan. Aliyeipiga chapa ni Tomás Pinpin.

Wenye kujua kazi ya chapa wanafahamu kwamba siku zile kila herufi ilishikwa kwa vidole na kupangwa moja moja, neno kwa neno, ukurasa kwa ukurasa. Basi Pinpin alipita kwa vidole vyake katika kitabu kizima kilichomfundisha Mhispania kusema Kitagalog. Na mwaka uleule, katika mtambo uleule, kikatoka kitabu chake mwenyewe, chenye kwenda njia ya kinyume: Librong pagaaralan nang manga Tagalog nang uicang Castila, maana yake, kitabu cha kuwafundisha Watagalog lugha ya Kastilia. Aliyekipiga chapa ni msaidizi wake, Diego Talaghay.

Padri alimwendea mwenyeji, na mwenyeji akamwendea mgeni. Yule wa kwanza alikuwa na shirika lake nyuma yake, pamoja na sarufi za Kilatini alizosoma tangu ujana. Yule wa pili alikuwa na mikono yake, masikio yake, na ukumbuko wa taabu aliyoipata alipokuwa akijifunza.

III. Namna yake ya kufundisha

Pinpin anaanza kwa kusema na wenzake kama ndugu. Anawakumbusha kwamba wanapenda kuwaiga Wahispania kwa nguo, kwa silaha, hata kwa mwendo wa miguu, na kwamba hawaoni uchungu kutoa mali kwa ajili hiyo. Mbona basi wasitafute na lugha, ambayo ndiyo inayompasa mtu kuliko nguo?

Wengine wanamlaumu kwa maneno hayo, wakisema kwamba aliwafundisha wenzake kuwa vivuli vya wageni. Mimi nadhani alisema kinyume. Kanzu ya kuazima huvaliwa na mtu asiyefahamu lolote. Lugha haiwezi kuvaliwa hivyo, maana lazima ipite katika akili ya mtu, na mtu aliyeifahamu anaweza kuuliza swali na kukataa uongo.

Halafu anafundisha sauti. Jambo hili lilikuwa zito kwao. Kitagalog cha siku zile hakikuwa na sauti ya f, na hakikutenga e na i. Herufi zao za kale zilikuwa na alama tatu tu za irabu: moja ya a, moja ya e na i pamoja, moja ya o na u pamoja. Chukueni maneno mawili ya Kihispania: mesa, yaani meza, na misa, yaani Misa Takatifu. Kwa herufi za kale maneno hayo yaliandikwa sawasawa, na katika masikio ya Mtagalog yalisikika kama neno moja. Mtu aliyetaka kuulizia saa ya Misa aliweza kudhaniwa anaulizia meza.

Pinpin alijua kwamba mwanafunzi anaogopa kuchekwa. Mimi pia nakumbuka siku zangu za kwanza katika seminari ndogo. Nilitamka vibaya neno moja la Kifaransa, darasa zima likaangua kicheko, nami nikakaa muda mrefu bila kufungua kinywa. Hakuna aliyenikataza kusema, kicheko kilitosha. Mwalimu aliyepita mwenyewe katika njia hiyo anajua pa kumshika mkono mwenzake.

Tena, kitabu chake hakina maneno makavu tu. Pinpin alitunga nyimbo ambamo maneno ya Kihispania na ya Kitagalog yanafuatana, lugha moja ikiieleza nyingine, watu wapate kuyashika kwa sauti ya kinywa. Watagalog walizoea kuimba katika kazi na katika safari za mtumbwi. Mwalimu wao alichukua desturi hiyo akaitumikisha. Na mwishoni mwa kitabu imetiwa kazi ya Padri Blancas juu ya maungamo, kwa lugha zote mbili, yenye maswali ambayo padri anamwuliza mwenye kutubu. Kitabu kilichoanza na matamko kikafika hata kwenye kiti cha kitubio.

IV. Mwaka mmoja baadaye, Salamanca

Mwaka 1611, mbali sana na Bataan, katika mji wa Salamanca kule Hispania, Wayezuiti wa chuo cha Waairlandi walitoa kitabu kiitwacho Ianua Linguarum, yaani Mlango wa lugha. Mkubwa wa kazi hiyo alikuwa Padri William Bathe, mzaliwa wa Dublin. Kitabu kilikuwa na sentensi zipatazo 1,200, kwa Kilatini na kwa Kihispania, zimekusanya maelfu ya maneno, na karibu kila neno limetumiwa mara moja tu. Walifikiri pia juu ya wamisionari na waungamishi, wanaohitaji kujua lugha upesi.

Padri Bathe na Pinpin walifuata wazo moja, kwamba neno hushikwa vizuri likiwa katika sentensi. Lakini sentensi za Salamanca zilitungwa na wataalamu ili maneno yote yapate mahali. Nyingine hazina uhusiano na jirani zake. Yohane Comenius, aliyetoa kitabu chake cha namna hiyo mwaka 1631, aliona kasoro hiyo, akazipanga sentensi zake kwa kufuata mambo yenyewe ya dunia na ya maisha. Mpiga chapa wa Bataan alikuwa amekwisha kuanza na maisha ya watu wake.

V. Faida ya sentensi

Ndugu mseminari, pengine utasema: Kihispania ni cha nini kwetu? Nivumilie kidogo, maana mifano michache itaonyesha jambo lenye kufaa katika kila lugha.

Tafuta katika kamusi neno hambre, utaona: njaa. Umepata neno, lakini bado hujui kuomba chakula. Sasa soma sentensi: Tengo hambre, nina njaa, au kama wanavyosema watu wengi wa kwetu, niko na njaa. Mhispania naye anasema kwamba ana njaa, kama sisi. Tena: Me duele la cabeza, kichwa kinaniuma. Tazama, kichwa ndicho kinachouma, nami ndimi ninayeumwa, sawasawa na lugha yetu. Neno peke yake lisingetuonyesha ujirani huo.

Mfano wa tatu unamhusu kila katekista. Neno malo maana yake baya. Lakini Wahispania wana namna mbili za kusema ni: ser, iliyotoka hasa katika esse ya Kilatini, na estar, iliyotoka katika stare. Pedro es malo maana yake, Petro ni mtu mbaya. Pedro está malo maana yake, Petro anaugua. Aliyeshika maneno bila sentensi ataambiwa kwamba Petro anaugua, naye atakwenda kumwonya mgonjwa badala ya kumletea padri.

Watagalog wenyewe wanatuonyesha jambo hilo. Lugha yao imepokea maneno mengi ya Kihispania: mesa, kabayo ya farasi, kutsara ya kijiko, sapatos ya viatu, sibuyas ya kitunguu. Lakini sapatos na sibuyas katika Kihispania ni wingi. Mtagalog aliyachukua kama yalivyosikika sokoni, na leo kitunguu kimoja tu kinaitwa sibuyas. Tusiwacheke, maana sisi nasi tulichukua neno la Kiarabu kitab, tukadhani ki yake ni ya kwetu, tukasema vitabu.

Neno moja lina habari ya namna nyingine. Watagalog wakikutana husalimiana: Kumusta. Ndiyo sentensi nzima ya Kihispania, ¿Cómo está?, yaani hujambo, iliyogeuka kuwa neno moja. Sibuyas lilikuja na kikapu cha mwuza vitunguu. Kumusta lilikuja kwa njia ya watu wawili waliosimama barabarani na kuulizana hali.

VI. Yaliyofuata

Padri Blancas alikufa mwaka 1614. Pinpin aliendelea na kazi yake. Mwaka 1613, katika Pila, alikuwa mmoja wa wapiga chapa wa kamusi kubwa ya Kitagalog ya Mfransisko Pedro de San Buenaventura, na hata mwaka 1637 jina lake linaonekana bado katika chapa za Manila.

Lakini tusifiche ukweli: vitabu vya kumfundisha mgeni Kitagalog viliongezeka, na kitabu cha Pinpin hakikupata wenzake wengi. Amri ya kuweka shule za msingi zenye kufundisha Kihispania katika nchi yote ilitoka mwaka 1863 tu. Nao walikuwako watawa waliochukia wenyeji kuijua lugha hiyo, wakiogopa mtu ambaye hahitaji mkalimani. José Rizal, Mtagalog aliyeandika kwa Kihispania kilicho bora, alisimulia katika kitabu chake El filibusterismo (1891) habari ya wanafunzi walioomba chuo cha kufundishia Kihispania wasipate. Mwaka 1896 Rizal aliuawa kwa risasi, na mwaka 1898 utawala wa Hispania ukaisha huko. Katiba ya Ufilipino ya mwaka 1987 inataja Kihispania pamoja na Kiarabu kuwa lugha za kuendelezwa kwa hiari. Neno lile la Felipe II, kwa hiari, limerudi baada ya karibu miaka mia nne.

Wapenzi wasomaji, wengi wetu tutatumwa penye lugha tusiyoijua. Tukifika, tusikae chumbani na orodha ya maneno. Twende tukawasalimu watu, tuwasikilize wanavyoomba maji na wanavyosema juu ya mgonjwa, tuandike sentensi nzima, tukubali kuchekwa. Na akija mwenyeji mwenye kutaka kujua lugha yetu sisi wasomi, Kifaransa au Kilatini, tusimnyime, wala tusimcheke. Tumfundishe kama Pinpin alivyowafundisha ndugu zake, mpaka aweze kujisemea mwenyewe mbele ya mkubwa.