Meli Iliyopakia Waalimu

Ewe msomaji, tuseme kwamba leo umepokea barua. Barua yenyewe yakuarifu kwamba umechaguliwa kwenda kufundisha lugha katika nchi usiyopata kuiona, ng'ambo ya bahari kuu, na kwamba meli itang'oa nanga baada ya majuma machache. Utafunga nini katika sanduku lako? Bila shaka utatia nguo na viatu, dawa ya homa, vitabu vichache, na picha ya wazazi wako. Lakini je, ukiisha kulifunga sanduku hilo na kutia kufuli, utakuwa umejitayarisha? Nataka nikusimulie habari za watu waliopata barua ya namna hiyo katika mwaka 1901, ili mwisho wa hadithi ulijibu swali hili wewe mwenyewe.

Tarehe 23 Julai, 1901, meli iitwayo Thomas iliondoka katika bandari ya San Francisco, Marekani, ikielekea Manila, mji mkuu wa Ufilipino. Ilikuwa meli ya jeshi, iliyozoea kupakia askari na zana zao. Safari hii abiria wake walikuwa watu wa namna nyingine kabisa. Walikuwa waalimu, waume kwa wake, zaidi ya 500, na wengi wao walikuwa vijana. Baadhi yao walikuwa wametoka katika vyuo vikuu vyenye sifa, kama vile Harvard, Yale, Cornell na Michigan. Wengine walikuwa wametoka katika vyuo vya ualimu na shule za miji midogo. Kazi waliyopewa ilikuwa kuwafundisha watoto wa Ufilipino, na kuwafundisha kwa lugha ya Kiingereza.

Yafaa kwanza ujue sababu ya safari hiyo, kwa kuwa hakuna meli iendayo bila ya aliyeituma. Ufilipino ilikuwa imetawaliwa na Wahispania kwa zaidi ya miaka 300. Mwaka 1898 Marekani ilipigana na Hispania ikashinda, na kwa mapatano yaliyotiwa sahihi mjini Paris mwezi Desemba mwaka huo huo, Hispania iliiachia Marekani visiwa hivyo, nayo ikapokea dola milioni 20. Wafilipino wenyewe hawakuulizwa. Walikuwa wamekwisha kutangaza uhuru wao tarehe 12 Juni, 1898, chini ya kiongozi wao Emilio Aguinaldo. Kwa hiyo mwezi Februari 1899 vita vikazuka baina yao na Wamarekani. Aguinaldo alikamatwa mwezi Machi 1901, na Marekani ilitangaza mwezi Julai 1902 kwamba vita vimekwisha. Raia wa Ufilipino wanaokadiriwa kufikia 200,000 walikufa kwa silaha, njaa na maradhi yaliyofuatana na vita hivyo.

Basi, waalimu wa meli ya Thomas walikwenda katika nchi ambayo moshi wa bunduki ulikuwa haujatoweka. Serikali ya Marekani huko Manila ilikuwa imepitisha sheria tarehe 21 Januari, 1901, iliyoanzisha idara ya elimu, ikaamuru Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na ikatoa ruhusa waalimu 1,000 waletwe kutoka Marekani. Kabla yao, askari walikuwa wameamriwa kufungua shule katika baadhi ya miji waliyoiteka. Askari wa jana alikuwa mwalimu wa leo, na mtoto aliyemkimbia asubuhi alitakiwa kumsikiliza adhuhuri. Sasa walitakiwa waalimu wa kweli.

Mkuu wa elimu, Fred Atkinson, aliwaandikia wakuu wa vyuo akiwaomba wamchagulie watu wanaofaa. Walitakiwa wawe na elimu ya chuo na mazoea ya kufundisha. Ujira ulikuwa dola 75 hata 125 kwa mwezi, nao haukuwa mdogo kwa mwalimu wa wakati ule. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kukubali. Wako waliotaka kuona dunia, wako waliotaka kuweka akiba, na wako walioamini kwa moyo safi kwamba wanapeleka nuru mahali penye giza. Usiwacheke hawa wa mwisho, wala usiwasifu upesi. Ngoja kwanza.

Walifunga nini katika masanduku yao? Tunaambiwa kwamba walipanda melini na magongo ya mchezo wa besiboli, raketi za tenisi, vyombo vya muziki, kamera na darubini. Haya ni mambo ya vijana waendao safari yenye furaha. Njiani walipita Honolulu, na tarehe 21 Agosti wakafika Manila, baada ya siku 29 baharini. Wakaanza kuitwa kwa jina la meli yao, Thomasites, na jina hilo likaendelea kutumiwa hata kwa waalimu Wamarekani waliokuja kwa meli nyingine.

Lakini kitu kimoja hakikuwamo katika masanduku mengi, nacho ni habari za wenyeji. Wengi walidhani kwamba wanakwenda mahali pasipojua shule. Kumbe mjini Manila kilikuwako chuo kikuu cha Santo Tomas, kilichoanzishwa na Wahispania mwaka 1611, yaani miaka 25 kabla ya Harvard, chuo kilicho kikongwe kuliko vyote vya Marekani. Tangu mwaka 1863 ilikuwako sheria ya kufungua shule za msingi katika kila mji wa Ufilipino. Shule hizo zilikuwa chache na dhaifu, hilo ni kweli, lakini zilikuwako. Tena nchi hiyo ilikuwa imemzaa José Rizal, tabibu na mwandishi, ambaye Wahispania walimwua kwa risasi tarehe 30 Desemba, 1896, kwa sababu maandiko yake yaliwaamsha watu wake. Aendaye ugenini akidhani kwamba historia itaanza siku atakayoshuka yeye melini, huyo amekwisha kupotea kabla ya kufika.

Kutoka Manila waalimu walitawanywa visiwani, wengine mmoja mmoja, katika miji ambayo mtu wa kuzungumza naye Kiingereza hakupatikana. Lugha za nchi ile zazidi 100, na Kihispania kilijulikana na watu wachache tu. Mishahara yao ilichelewa mara nyingi, nayo ililipwa kwa fedha ya Mexico ambayo thamani yake ilikuwa ikishuka. Mwaka 1902 ukaja ugonjwa wa kipindupindu, ukaua watu maelfu kwa maelfu, na baadhi ya waalimu walikufa kwa maradhi. Mwaka huo huo waalimu wanne waliuawa katika kisiwa cha Cebu. Hata hivyo, walio wengi hawakukimbia. Walifundisha watoto asubuhi na waalimu vijana wa Kifilipino baadaye, kwa kuwa ilijulikana tangu mwanzo kwamba wageni hawatatosha kamwe kuifanya kazi yote. Chuo cha ualimu kilifunguliwa Manila mwezi Septemba 1901.

Sasa ingia nami darasani, msomaji. Mwalimu ameshika kitabu kilichopigwa chapa Marekani. Kitabu chasema habari za tofaa, theluji, na watoto wanaovaa makoti mazito wakati wa baridi. Mtoto wa Ufilipino, ambaye nje ya dirisha lake kuna minazi na mashamba ya mpunga, anakariri maneno hayo kwa sauti. Hajaona tofaa, wala hajui theluji ni kitu gani. Anajifunza mambo mawili magumu kwa wakati mmoja, yaani neno asilolijua na kitu asichokijua. Je, wastaajabu akishindwa?

Mtu mmoja aliyeliona jambo hili kwa macho yake alikuwa Carter G. Woodson. Yeye hakuja kwa meli ya Thomas. Alifika mwaka 1903, akafundisha huko hata mwaka 1907. Woodson alizaliwa Virginia mwaka 1875, na wazazi wake walikuwa wamepata kuwa watumwa. Katika ujana wake alichimba makaa ya mawe, akaanza masomo ya sekondari akiwa mtu mzima, lakini mwisho alipata shahada ya udaktari wa historia katika Harvard mwaka 1912. Mwaka 1926 ndiye aliyeanzisha juma la kukumbuka historia ya watu weusi nchini Marekani. Alipokuwa Ufilipino alijifunza Kihispania kwa masomo ya posta, kwa kuwa aliona kwamba mwalimu asiyesikia lugha yoyote ya wanafunzi wake ni kama mtu asemaye na ukuta.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1933, Woodson alisimulia jambo linalofaa kukumbukwa na kila mwalimu. Alisema kwamba waalimu wengi wenye shahada kubwa walishindwa. Walijua majina yote ya wataalamu wa elimu, lakini hawakujua lolote juu ya maisha ya watoto waliokaa mbele yao. Kisha akatokea mtu mmoja ambaye kazi yake ya zamani ilikuwa bima, wala hajapata kufundisha maishani mwake. Mtu huyu hakutegemea sana vitabu. Somo lilipokuwa juu ya nyoka, alileta nyoka. Lilipokuwa juu ya mamba, mamba alikuwapo. Waalimu wengine waliwafundisha watoto wimbo wa kutikisa mtofaa, lakini yeye aliubadili wimbo, watoto wakaimba juu ya kutikisa mlomboy, mti ambao kila mmoja wao alikuwa ameutikisa kwa mikono yake. Badala ya kuwasimulia ukweli wa George Washington, ambaye hawakupata kumsikia, aliwasimulia ushujaa wa Rizal.

Je, wajua mlomboy ni mti gani? Ni mzambarau, ule ule unaoota katika pwani yetu na kuwatia watoto rangi ya urujuani midomoni. Laiti mwalimu yule angefika Mombasa, asingehitaji kuubadili wimbo wake mara ya pili.

Basi tuyapime matokeo ya kazi yao kwa mizani ya haki. Mwaka 1925 tume iliyoongozwa na Paul Monroe, mtaalamu wa elimu kutoka New York, iliwapima wanafunzi wa Ufilipino, ikaona kwamba wengi waliacha shule baada ya miaka michache tu, na Kiingereza chao kilikuwa hafifu mno hata kisiweze kuwafaa. Mwaka 1959 mwandishi Mfilipino, Renato Constantino, aliandika kwa ukali kwamba elimu ile iliwafundisha watu wake kujitazama kwa macho ya mtawala. Hiyo ni sahani moja ya mizani. Katika sahani ya pili ziko shule zilizofunguliwa kwa watoto wa maskini, na waalimu wa Kifilipino waliofunzwa, ambao kufikia miaka ya 1920 ndio waliokuwa wakifanya karibu kazi yote. Ufilipino ilipata uhuru wake tarehe 4 Julai, 1946. Kiingereza kikabaki, lakini kikawa mali ya wenyeji, pamoja na lugha yao ya taifa iliyojengwa juu ya Kitagalogi. Leo Wafilipino wenyewe wanasafiri kwenda nchi za kigeni kufundisha Kiingereza, na wengine wanafundisha huko huko Marekani. Mwanafunzi wa jana amefunga sanduku lake.

Habari hizi si ngeni kwetu. Mwaka 1961 ulianza mpango wa kuleta waalimu kutoka Marekani na Uingereza waje kufundisha katika shule za sekondari za Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa sababu uhuru ulikuwa u karibu na waalimu wa Kiafrika wenye shahada walikuwa wachache. Vijana wa Marekani walitayarishwa katika chuo cha ualimu cha Columbia, New York, na katika chuo cha Makerere, Kampala, kabla ya kutawanyika kwenda shuleni. Huenda babu yako au bibi yako alifundishwa na mmoja wao. Muulize. Muulize kama mwalimu yule alijua jina la mti uliokuwa nje ya darasa.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba ugeni una mwisho wake, na anayetaka kukaa na watu sharti ashike kazi yao na kuijua ardhi yao. Waalimu wa meli ya Thomas walikuwa hodari, wengi wao walikuwa na nia njema, na baadhi yao walizikwa katika nchi waliyokwenda kuitumikia. Lakini nia njema haikuwatosha, kwa kuwa walitumwa na serikali iliyoichukua nchi ya watu kwa nguvu, na kwa kuwa wengi walijitayarisha kufundisha bila ya kujitayarisha kufundishwa.

Nawe, msomaji, usidhani kwamba barua niliyoitaja mwanzo ni ndoto. Vijana wa Afrika Mashariki wamekwenda kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani, na wengine wanafundisha mbali zaidi. Siku moja barua yaweza kuja kwa jina lako. Ikija, funga nguo zako, usisahau dawa wala picha ya wazazi. Kisha, kabla ya kutia kufuli, jiulize kama unamjua Rizal wa watu wale, na kama unajua ni mti gani watoto wao hupenda kuutikisa. Ikiwa hujui, acha nafasi katika sanduku, ukajaze huko uendako.