Pikipiki kuukuu aina ya kruza: Ipi inamfaa mzee anayerejea barabarani?

NCHINI Marekani, watu wengi waliouza pikipiki zao walipoanza kulea watoto hurudi kuzitafuta wanapokaribia kustaafu. Wengi wao hawana haja na pikipiki za mashindano. Wanachotaka ni kruza, yaani pikipiki ndefu yenye kiti cha chini, usukani mpana na injini yenye mngurumo mzito, ambayo mwendeshaji huiketia mgongo ukiwa wima na miguu imetangulia mbele kidogo. Miongoni mwao wamo Wakenya wanaoishi huko, wengine wakiwa walijifunza kuendesha pikipiki ndogo za kazi nyumbani miaka mingi iliyopita.

Soko lenyewe linawapendelea. Kruza zilizotumika ni tele, na nyingi zilinunuliwa kwa mapenzi kuliko kwa haja, zikaendeshwa Jumapili chache na kisha zikaachwa gereji. Kruza ya Kijapani ya miaka 15 hadi 20 iliyotunzwa vyema hupatikana mara nyingi kwa kati ya dola 2,000 na 4,000. Kinachomponza mnunuzi mzee ni kuchagua pikipiki kwa kumbukumbu za ujana wake, ilhali mwili utakaoiendesha ni wa leo.

Takwimu zinaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka wa 1975, takriban wanane kati ya kila waendeshaji kumi wa pikipiki waliofariki katika ajali Marekani walikuwa na umri wa miaka 29 au chini ya hapo. Katika miaka ya karibuni, kama theluthi moja ya waliofariki walikuwa wametimiza miaka 50 au zaidi. Mwaka wa 2022 pekee, waliopoteza maisha walikuwa zaidi ya 6,000. Jicho la mtu wa miaka 60 huhitaji mwanga mwingi zaidi usiku, mguu huchelewa kidogo kufika kwenye breki, na mfupa uliovunjika hauungi upesi kama zamani.

Jambo la kwanza la kupima, basi, ni uzito. Msomaji wa Kenya anaijua Boxer ya bodaboda, ambayo ina takriban kilo 120. Kawasaki Vulcan 900, kruza inayosifiwa na wengi, ina zaidi ya kilo 280 ikiwa na mafuta na oili. Barabarani uzito huo hausikiki sana. Husikika pale kituo cha mafuta, pikipiki ikielekea mteremko na mwenyewe akitakiwa kuirudisha nyuma kwa miguu, au anapokata kona ya kurudi alikotoka kwa mwendo wa pole. Kruza nyingi huangushwa zikiwa zimesimama au karibu kusimama, na mtu wa miaka 65 akijaribu kuidaka kilo 280 inayolala, bega au goti ndilo hulipa.

Kwa hivyo mnunuzi afanye majaribio kabla ya kuuliza bei. Aikalie pikipiki huku nyayo zote mbili zikitua chini bapa. Ainyanyue kutoka kwenye stendi ya pembeni bila kujikamua. Aisukume mita tano mbele na tano nyuma akiwa ameikalia. Ageuze usukani hadi mwisho kushoto na kulia, aone kama mkono wa mbali bado unashika klachi bila kiwiliwili kupinda. Aibane klachi mara 20 mfululizo; wenye baridi yabisi ya vidole watapata jibu lao papo hapo. Akishindwa na lolote kati ya hayo, atafute nyingine, hata kama rangi imemteka.

Miguu nayo ina siri yake. Kruza zenye vikanyagio vya mbele sana hupendeza machoni, lakini huutwika uti wa mgongo uzito wote, na kila shimo la barabara hupanda moja kwa moja hadi kiunoni. Mwenye maumivu ya mgongo hufaidika na vikanyagio vilivyo katikati, ambavyo humwezesha kujiinua kidogo anapopita penye mashimo. Mwenye magoti yasiyokunjika vizuri huona kinyume. Hapa hakuna ushauri unaoweza kushinda nusu saa ya kuikalia pikipiki yenyewe.

Zipo zipi, basi? Kwa anayetaka kuanza pole, Honda Rebel 250, iliyoundwa tangu 1985 hadi 2016, ina kilo 150 hivi na ndiyo iliyotumiwa na shule nyingi za mafunzo. Ni rahisi, haisumbui, na huuzika tena bila hasara kubwa. Udhaifu wake ni barabara kuu: injini ya cc 234 huchoka mapema inapobeba mtu mzima dhidi ya upepo kwa kilomita 110 kwa saa. Juu yake kidogo iko Suzuki Savage, ambayo mwaka wa 2005 ilibadilishwa jina ikawa Boulevard S40. Hii ina silinda moja kubwa ya cc 652, mkanda badala ya cheni, na uzito wa kama kilo 173 tu. Hutetemeka, na watu warefu huiona kama kiti cha mtoto. Hata hivyo, kwa mtu mfupi mwenye magoti mabovu ni vigumu kupata pikipiki nyepesi kuliko hiyo inayoweza kusafiri mji hadi mji.

Wengi hata hivyo huangukia kundi la kati, na ndilo kundi lenye mali nzuri zaidi kwa bei. Yamaha V-Star 650 iliuzwa Marekani tangu 1998 hadi 2016 bila mabadiliko makubwa, jambo linalofanya vipuri na maarifa ya mafundi kuwa tele. Injini yake hupozwa kwa hewa, hivyo haina rejeta ya kuvuja, na nguvu hufika gurudumu la nyuma kwa shafti. Mzee asiyetaka kupiga magoti kila wiki kupaka cheni mafuta ataithamini shafti hiyo. Honda Shadow VLX ya cc 583, iliyodumu hadi 2007, ina kiti cha chini mno, kama sentimita 65 kutoka ardhini, lakini ina gia nne tu na hutumia cheni. Ndugu yake, Shadow Aero ya cc 745 iliyotolewa kuanzia modeli ya 2004, ina shafti, gia tano na sifa ya kudumu. Ina kilo 250 na kitu, na hapo ndipo mpaka wa busara unapostahili kuwekwa kwa mtu aliyekaa miaka 20 bila kupanda pikipiki.

Suzuki Boulevard C50 na Vulcan 900 ni nzito zaidi. Zote mbili ni pikipiki thabiti, na zinafaa pale safari za mbali na abiria zinapohusika. C50 ya kuanzia 2005 na Vulcan 900 huingiza mafuta kwa mfumo wa elektroniki badala ya kabureta, faida kubwa kwa pikipiki ambayo italala miezi ya theluji.

Harley-Davidson Sportster 883 haina budi kutajwa, kwa kuwa ndiyo ndoto ya wengi. Anayeitamani atafute ya 2004 au baadaye, mwaka ambao injini ilianza kufungwa juu ya mipira ya kuzuia mtetemo. Za kabla ya hapo hutetemesha mwili hadi vidole kufa ganzi. Vipuri vyake vimejaa kila mahali, lakini jina lililoandikwa kwenye tangi hulipiwa, na kwa pesa hizo hizo Mjapani hutoa pikipiki changa zaidi.

Baadhi ya modeli zina magonjwa yanayojulikana. Vulcan 1500 za miaka ya 1990 zilikuwa na gia za plastiki za kuendesha pampu ya oili, na zikikatika injini hubaki bila oili. Yamaha V-Star 1100 inajulikana kwa kilio cha chuma inapowashwa, dalili ya klachi ya stata kuchakaa. Na kubadilisha chujio lake la oili hulazimu kufungua ekzosi, kazi inayowafanya wamiliki wengine kuiahirisha kupita kiasi. Si sababu za kuzikataa kabisa. Ni sababu za kuuliza kama dawa imeshatiwa, na kudai stakabadhi.

Mnunuzi asidanganywe na idadi ndogo ya maili. Pikipiki iliyokwenda maili 30,000 ikiwa na stakabadhi za kila huduma mara nyingi ni salama kuliko iliyokwenda maili 3,000 na kulala miaka kumi. Petroli iliyokaa hugeuka utomvu ndani ya kabureta, tangi hushika kutu, na mipira ya kuzuia oili hukauka. Muuzaji anaposema pikipiki “inahitaji kusafishwa kabureta tu”, swali la haki ni kwa nini hakuisafisha mwenyewe ili auze kwa bei nzuri zaidi.

Tairi ndiyo mahali pa kwanza pa kukagua. Ubavuni pana msimbo unaoishia kwa tarakimu nne: 2318, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2018. Tairi la miaka kumi laweza kuwa na meno yote na bado likawa gumu kama ubao, lisishike lami wakati wa mvua. Bei ya tairi mbili pamoja na kuzifunga iondolewe kwenye bei ya pikipiki bila aibu.

Inafaa kumwomba muuzaji asiipashe injini moto kabla ya mnunuzi kufika, kisha kuigusa kuhakikisha ni baridi, kwani injini mbovu huficha maradhi yake ikishapata joto. Kipimo cha umeme cha bei rahisi husaidia pia: betri nzima husoma kama volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na injini ikikimbia kidogo inapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, mfumo wa kuchaji ni mgonjwa, tatizo la kawaida katika pikipiki za umri huo. Maji ya breki yenye rangi ya kahawa yanaeleza mengi kuhusu mwenye mali kuliko maneno yake. Oili kwenye shoki za mbele, usukani unaokwama katikati kama uliotiwa notchi, na cheni yenye viungo vikavu ni gharama, si siri za kutisha.

Breki za kuzuia magurudumu kukwama, ABS, hazipatikani katika kruza nyingi za bei hii. Taasisi ya IIHS, inayofadhiliwa na kampuni za bima, imegundua kuwa pikipiki zenye ABS huhusika katika ajali chache za vifo kuliko zisizo nayo. Mwenye uwezo wa kuongeza dola 1,000 au 2,000 afikirie hilo kabla ya kufikiria kromu.

Kuna suala la mazoea pia. Waliojifunza kwa Triumph au Sportster za kabla ya 1975 walibadilisha gia kwa mguu wa kulia. Kuanzia modeli za mwaka huo sheria ya Marekani iliipeleka gia kushoto na breki kulia. Wakati wa dharura mguu hukumbuka ujana. Aliyejifunzia Kenya naye amezoea kukaa kushoto mwa barabara, ilhali Marekani hukaa kulia, na kosa hutokea hasa anapotoka kituo cha mafuta asubuhi mapema barabara ikiwa tupu.

Utafiti mashuhuri wa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliochapishwa 1981 baada ya ajali 900 kuchunguzwa jijini Los Angeles na viunga vyake, ulibainisha kwamba katika takriban theluthi mbili za ajali za pikipiki na gari, mwenye gari ndiye aliyeingilia njia ya pikipiki, mara nyingi akikata kona kushoto mbele yake. Zaidi ya tisa kati ya waendeshaji kumi waliopata ajali hawakuwa wamepitia mafunzo rasmi. Ndiyo sababu kozi ya siku mbili au tatu, kama zile zinazofuata mtaala wa Motorcycle Safety Foundation, inastahili kutangulia ununuzi. Shule huwa na pikipiki zake, hivyo mwanafunzi hugundua juu ya mali ya wengine kama mwili bado unataka. Katika majimbo mengi cheti hicho humwondolea jaribio la barabarani la leseni, na kampuni kadhaa za bima humpunguzia ada.

Kuhusu hati, namba ya fremu ilingane na ile iliyo kwenye hati ya umiliki, na jina la muuzaji liwe ndilo lililoandikwa humo. Hati iliyogongwa muhuri wa kuonyesha kuwa pikipiki ilihesabiwa kuharibika kabisa na bima hushusha bei karibu nusu, lakini kampuni nyingine hukataa kuikatia bima kamili. Shirika la NICB lina huduma ya bure ya kuangalia kama namba hiyo imeripotiwa kuibwa.

Bajeti ya dola 3,500 isiishie yote kwa pikipiki. Helmeti mpya yenye alama ya DOT, koti, glavu na buti zinazofunika vifundo vya miguu huchukua dola 500 au zaidi, na vyuma vya kukinga injini hugharimu chini ya tangi moja lililobonyezwa. Asiye na haraka husubiri Oktoba na Novemba, wakati wauzaji wa majimbo ya kaskazini kama Minnesota na Massachusetts wanapoanza kuhesabu nafasi iliyobaki gereji kabla ya theluji. Mwezi wa Aprili, pikipiki ile ile huwa imepanda bei.