Vikapu: Rekodi za vyuo vya Marekani na hatima ya wachezaji wa Afrika Mashariki

KIJANA mrefu wa Nyamasaria, pale barabara kuu ya kutoka Nairobi inapoingia Kisumu, akianza kung'ara katika mpira wa vikapu, hakosi kuambiwa habari za ufadhili wa masomo Marekani. Kwa mzazi anayehangaikia karo, hilo si jambo dogo. Hata hivyo, takwimu za waliomtangulia zinahitaji kusomwa kwa makini.

Jina linalotajwa kwanza ni Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye kimo cha zaidi ya mita 2.2. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut, kati ya 2006 na 2009, alizuia mitupo 417. Msimu wake wa mwisho alipata wastani wa pointi 13.6 na ribaundi 10.8 kwa mechi. Dhidi ya Providence alifunga pointi 15, akadaka ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Kufikisha tarakimu mbili katika hesabu tatu za mechi moja ni nadra. Kufanya hivyo kwa kuzuia mitupo ni nadra zaidi. Chuo chake kilifika nusu fainali ya taifa mwaka huo.

Juni 2009, Memphis Grizzlies walimteua wa pili, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden. Stephen Curry alikuwa wa saba! Thabeet akawa Mtanzania wa kwanza katika NBA, lakini wastani wake huko, akizichezea pia Houston, Portland na Oklahoma City, uliishia pointi 2.2 na ribaundi 2.7.

Wengi walimlaumu yeye, nao walisahau sheria. Katika vyuo, jitu laweza kusimama chini ya kikapu na kungoja. NBA humkataza mlinzi kukaa humo zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mpinzani aliye karibu naye. Silaha iliyompandisha Thabeet ilipunguzwa makali siku aliyovuka.

Mkenya Tylor Ongwae alipita njia isiyo na kelele. Alianzia Ranger, chuo kidogo huko Texas, kisha akaingia Louisiana-Monroe, ambayo mwaka 2015 ilifika fainali ya shindano la CBI na kushindwa na Loyola ya Chicago. NBA hakufika. Alipata kazi Ulaya, ikiwemo katika klabu ya Bakken Bears ya Denmark.

Lakini ni yeye aliyefunga kikapu ambacho Wakenya hawatakisahau upesi. Februari 2021, jijini Yaoundé, Morans walikuwa nyuma ya Angola, mabingwa wa Afrika mara 11, sekunde zikiyoyoma. Ongwae akatupa, mpira ukaingia: 74-73. Kenya ikafuzu AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993, ilipokuwa mwenyeji jijini Nairobi na kumaliza ya nne. Huko Kigali, chini ya kocha Liz Mills wa Australia, Morans waliilaza Mali kabla ya kuaga mbele ya Sudan Kusini.

Kikapu kile katika daftari ni pointi mbili tu.

Mwenzake Tom Wamukota, aliyetokea Chuo Kikuu cha Wichita State, Kansas, naye hakuhitaji NBA ili alipwe. Ligi ya Afrika, BAL, ilipoanza Kigali Mei 2021, alivaa jezi ya Patriots ya Rwanda, iliyomaliza ya nne. Wakati huo Kenya haikuwa na klabu humo. Ilibidi kungoja hadi msimu wa 2025, Nairobi City Thunder walipokuwa klabu ya kwanza ya Kenya kufuzu.