Mafuta, Maji na Gesi: Historia ya Kutafuta Nishati Badala ya Petroli huko Bukavu

Katika Kiswahili cha Bukavu neno petroli halibebi maana ileile linayobeba Dar es Salaam. Mkazi wa Kadutu akimtuma mtoto dukani kununua petroli, mtoto hurudi na mafuta ya taa. Mafuta ya gari huitwa esansi, na yale ya lori huitwa mazutu. Majina yote matatu yametoka katika Kifaransa, na bidhaa zote tatu huingia mjini kwa safari ndefu. Kongo imekuwa ikichimba petroli katika bahari ya Moanda tangu 1975, lakini lita inayochomwa Bukavu aghalabu imepitia bandari ya Mombasa au ya Dar es Salaam, ikavuka mipaka na kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kabla ya kumiminwa katika dumu. Kila vita na kila mvutano wa mpakani huongeza bei yake.

Si ajabu, basi, kwamba fikira za kupata nishati nyingine badala ya petroli zilianza mapema katika sehemu hizi. Wengi hudhani zilianza 1973, pale nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta yao na bei ya pipa ikapanda takriban mara nne katika miezi michache. Historia yaonyesha vingine. Majibu yalikwisha kupatikana kabla ya mwaka huo, tena zaidi ya moja. Linalostahili kuchunguzwa ni hili: majibu hayo yalitafutwa kwa ajili ya nani, na kwa nini yamemfikia mkazi wa Bukavu nusunusu.

Jibu la kwanza lilikuwa mafuta ya mimea. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, kampuni ya Otto ilionyesha injini ndogo ya aina iliyobuniwa na Rudolf Diesel ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga. Diesel mwenyewe alieleza baadaye kwamba wazo lilitoka serikali ya Ufaransa, iliyoyafikiria makoloni yake ya Afrika: karanga humea huko kwa wingi, na koloni lingeweza kujipatia nguvu za mashine bila kuagiza makaa ya mawe wala petroli. Mwaka 1912, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alikuwa bado akisisitiza kwamba mafuta ya mimea, ingawa wakati ule yalionekana jambo dogo, yangeweza siku moja kuwa na thamani kama petroli.

Wabelgiji walilichukua wazo hilo kwa upande wa mchikichi. Tarehe 31 Agosti 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels alipata hataza ya Ubelgiji nambari 422,877. Hataza hiyo yahusu njia ya kuyageuza mafuta ya mimea, kwa kuyachanganya na alkoholi, ili yapungue uzito na yaweze kuchomwa ndani ya injini bila kuiziba. Mwaka uliofuata basi la abiria lilifanya safari kati ya Brussels na Leuven likitumia mafuta ya mawese yaliyogeuzwa hivyo. Mwaka 1942, Ubelgiji ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani na Kongo ikiwa imetengwa nayo, M. van den Abeele aliichapisha habari hiyo katika jarida la kilimo la Kongo ya Kibelgiji. Kinachoitwa leo dizeli ya mimea, na kutangazwa kama uvumbuzi wa zama zetu, kilikuwa kimekwisha kusafirisha watu barabarani kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Hapa yafaa kusimama kidogo. Mawese hayo hayakudondoka yenyewe kutoka mchikichini. Kwa mkataba wa 1911 serikali ya Ubelgiji iliipa kampuni ya Lever haki juu ya maeneo mapana ya michikichi, na huko Kwilu ukakua mji wa Leverville. Wakataji wa mikungu walikuwa wakiandikishwa kwa nguvu, chini ya kodi na vitisho, na uasi wa Wapende wa mwaka 1931 haukuwa mbali na jambo hilo. Nishati iliyokuwa ikitafutwa ilikuwa ya kujirudishia yenyewe, kweli, kwa maana mchikichi huzaa kila mwaka. Lakini jasho lililoitoa halikuhesabiwa katika mizani ya wakemia. Vita vilipokwisha, petroli ya bei nafuu kutoka Mashariki ya Kati ilifurika sokoni, na mafuta ya mawese yakarudi katika sabuni na siagi ya mimea. Wakulima wa bonde la Ruzizi na wa Fizi, ambao michikichi yao ingalipo, hawakuwahi kuulizwa.

Jibu la pili liko mlangoni mwa mji wenyewe. Zamani maji ya bonde la Kivu yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zilipoinuka ziliyafungia njia. Ziwa likajaa, likapanda, na hatimaye, yapata miaka 10,000 iliyopita, likamwagikia kusini. Ndipo mto Ruzizi ulipopata sura yake ya sasa. Uso wa Ziwa Kivu uko takriban meta 1,460 juu ya usawa wa bahari, na ule wa Ziwa Tanganyika takriban meta 770. Tofauti hiyo ya karibu meta 700 mto huishuka katika safari ya kilomita 120 hivi, na sehemu kubwa ya mteremko imo katika korongo la juu, kabla ya Kamanyola. Isitoshe, ziwa lenyewe ni tangi kubwa linalopokea mvua na kuzitoa polepole, hivyo mto haukauki kiangazi kama mito mingine ya milimani.

Bwawa la kwanza, Ruzizi I, lilijengwa Mururu, kilomita tatu hivi chini ya mahali mto unapotoka ziwani, na likaanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwenye kulijenga alikuwa shirika lililojulikana kwa jina la Forces de l'Est. Mitambo yake minne kwa jumla ina uwezo wa karibu megawati 30. Ukizitazama nyaya zake, utaona fikira za waliozivuta: zilikwenda kwenye viwanda na mitaa ya Wazungu ya Bukavu, mji ambao hadi miaka michache kabla ya hapo uliitwa Costermansville, na kwa upande wa pili zikateremka hadi Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Vijiji vya Ngweshe na Kabare viliziona nyaya zikipita. Hilo halikuwa kosa la mahesabu. Bwawa lilikusudiwa kuondoa mashine za mazutu viwandani, na hilo lilifanyika. Kibatari cha kijijini hakikuwamo katika mpango.

Uhuru ulipokuja, nyaya zilibaki zilivyokuwa. Katika miaka ya 1970 shirika la taifa, SNEL, lililoundwa 1970, lilichukua mahali pa makampuni ya kikoloni. Hata hivyo macho ya Kinshasa yalikuwa yameelekea Inga. Inga I ilizinduliwa 1972, Inga II miaka kumi baadaye, na waya wa kilomita zipatazo 1,700 ukavutwa kutoka huko hadi migodi ya shaba ya Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule, ukipita juu ya vijiji visivyo na taa. Kivu haikuunganishwa. Ni vigumu kutoona kwamba Jamhuri ilirudia, kwa kipimo kikubwa zaidi, ramani ileile ya Mururu.

Mgogoro wa petroli wa 1973 ulizipiga pamoja Zaire, Rwanda na Burundi, na ndio uliozipa sababu ya kushirikiana. Mwaka 1974 nchi hizo tatu ziliunda chombo cha nishati cha Maziwa Makuu, EGL, na tarehe 20 Septemba 1976 zikatia sahihi huko Gisenyi mkataba wa jumuiya ya kiuchumi, CEPGL. Tunda kubwa la ushirikiano huo ni bwawa la Ruzizi II, lililoanza kufanya kazi 1989, lenye uwezo wa karibu megawati 44, chini ya kampuni ya pamoja, SINELAC. Umeme wake hugawiwa nchi tatu. Jambo la kustaajabisha, na ambalo halisemwi vya kutosha, ni kwamba kampuni hiyo ilinusurika katika vita vilivyozigawanya serikali zenye hisa ndani yake. CEPGL yenyewe ilizimika kwa zaidi ya mwaka mmoja na mwingine, majeshi yakavuka mto, wakuu wakaacha kusalimiana. Mitambo ikaendelea kuzunguka.

Jibu la tatu limelala chini ya maji. Katika safari yake ya uchunguzi ya 1935 na 1936, Mbelgiji Hubert Damas aliona kwamba maji ya Ziwa Kivu, kinyume cha kawaida, huzidi kuwa ya moto kadiri kina kinavyoongezeka, na kwamba yamejaa gesi. Schmitz na Kufferath walichapisha mwaka 1955 maelezo ya tatizo la gesi hizo. Makadirio yanayotumika siku hizi yasema kuna takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani, zikiwa zimebanwa na uzito wa maji. Tangu miaka ya 1960 kituo kidogo cha Rasi ya Rubona, karibu na Gisenyi, kilivuta methani hiyo na kuipelekea kiwanda cha bia cha Bralirwa, nacho kikafanya kazi kwa miongo minne. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt wenye megawati 26 ulianza kutoa umeme mwishoni mwa 2015.

Je, methani hii ni nishati jadidifu? Swali si la maneno tu. Gesi hutengenezwa na vijidudu vilivyomo katika matope ya chini, kwa sehemu kutokana na hewa ya ukaa itokayo ardhini. Utafiti uliochapishwa 2005 ulidai kwamba kiasi chake kilikuwa kimeongezeka kwa hadi asilimia 15 katika miaka thelathini, na wengi wakafurahi. Vipimo vipya vilivyochapishwa 2020 havikuona ongezeko hilo. Kwa hiyo kuiita jadidifu ni kulivuta neno kupita urefu wake: hujirudisha, lakini kwa mwendo ambao mitambo haiwezi kuungojea. Sababu nzito zaidi ya kuivuta ni hatari. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kamerun lilitapika hewa yake ya ukaa na kuua watu wapatao 1,700. Ziwa Kivu ni kubwa kuliko hilo mara nyingi sana, na kando yake wanaishi mamilioni. Watu wa Goma, ambako hewa hiyo hutokea katika mashimo na kuua mbuzi na mara nyingine watoto, wana jina lake kitambo: mazuku.

Mafuta, maji na gesi vyote vikiwapo, nyumba nyingi za Bukavu hupika kwa makala. Yafaa kumkumbusha msomaji wa pwani kwamba makala hapa ni mkaa, wala si maandishi. Ni maneno mawili yaliyogongana, moja la Kibantu na jingine la Kiarabu. Mkaa huo hutoka milimani, na sehemu yake hutoka katika msitu wa Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa 1970 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia 1980. Mwaka 1994 wakimbizi kwa mamia ya maelfu walipovuka kutoka Rwanda, kambi zilihitaji kuni kila siku, na 1997 hifadhi ikawekwa katika orodha ya zilizo hatarini. Hivyo kilichochukua mahali pa petroli jikoni ni mti. Mti nao huota tena, lakini msitu uliokatwa kwa mwaka mmoja hauoti kwa mwaka mmoja.

Umeme uliopo hautoshi, na haufiki kila siku. Mji uliojengwa kwa watu elfu kadhaa sasa una zaidi ya milioni moja, huku nyaya nyingi zikiwa za zamani na delestaji ikihamia mtaa baada ya mtaa. Mwenye uwezo huwasha jenereta, na jenereta hunywa mazutu. Kuna jambo jingine ambalo waliochora Mururu hawakuweza kuliwazia. Taka za mji huteremka na mvua hadi ziwani, ziwa huzisukuma hadi mdomo wa mto, na huko, katika miaka hii ya 2020, wafanyakazi wamelazimika kuopoa chupa na mifuko ya plastiki inayoziba njia ya maji na kusimamisha mitambo ya Ruzizi I. Plastiki hiyo nayo imetokana na petroli.

Mpango wa Ruzizi III, wa megawati 206, ulitiwa sahihi na nchi tatu mwaka 2019. Mwezi Julai 2022 Kinshasa ilitangaza zabuni za vitalu 27 vya petroli na vitatu vya gesi ya Ziwa Kivu. Zabuni za petroli zikafutwa Oktoba 2024. Mahali palipochaguliwa kwa Ruzizi III pako chini ya mabwawa mawili ya kwanza. Maji yatakayoufikia yatakuwa yamepita Bukavu kwanza, pamoja na vyote ambavyo mji umeyatupia.